Hatua Themanini Hadi Kwenye Mtandao

Uru, Jumatano, kabla ya jua kuzama

Mwanangu Felista,

Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na hadi utakaporudi nyumba ni yangu peke yangu. Nimeketi mezani niandike. Barua hii nitaitia katika mkoba wako, katikati ya vyeti vyako vya uuguzi, kwa kuwa najua vyeti hivyo utavikagua mara tu basi likitoka stendi ya Moshi. Isome safarini. Usiiweke mpaka ufike Mtwara kwenye kituo chako cha kazi. Ni lazima uwe umeimaliza kabla hujashuka Dar es Salaam na kubisha hodi kwa kaka yako Gaspari, kwa sababu jana, ulipokuwa ukikunja nguo zako, ulisema neno ambalo sikuweza kulijibu uso kwa uso.

Ulisema, "Baba, nitalala kwa kaka siku moja tu, lakini inatosha. Nitamwapia kwamba hukujua kuwa pale juu pana mtandao. Mimi atanisikia."

Usimwapie. Nilijua.

Sitakuandikia habari za kufunga mizigo, wala za kuchemsha maji, wala za kuchagua marafiki. Una miaka ishirini na minne, na mambo hayo mama yako alikufundisha vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Nina jambo moja tu la kukuambia, na nimelichelewesha miaka miwili.

Nianze na lile swali lako la juzi. Uliniwekea mezani laini mbili za simu, kila moja ya kampuni yake, ukaniomba nizilinganishe: ipi ina minara mingi huko kusini, ipi inashika huku mlimani, ipi nibaki nayo ili tuzungumze kila Jumapili. Nilizisukuma zote mbili kando nikasema nina kazi. Uliudhika, na ulikuwa na haki. Ulidhani ni ukali wangu wa kawaida. Ukweli ni kwamba niliwahi kulinganisha habari za simu mara moja maishani mwangu, mbele ya kijiji kizima, kwa chaki ubaoni, na tangu siku ile sijiamini tena kulinganisha vitu viwili.

Wewe ulikuwa shule ya bweni. Simu ya karibu ilikuwa ile ya ofisi ya chama cha ushirika, na ofisi hiyo ilikuwa imefungwa, kwa kuwa watu walikuwa wanawauzia kahawa wanunuzi binafsi waliopanda huku na mizani yao. Mtu akifiwa, ilibidi kijana mmoja ashuke mjini kwa miguu kuwapigia ndugu. Ndipo kiangazi kimoja wakaja watu wa aina mbili. Wa kwanza alikuwa fundi wa shirika la umma la simu, mzee mwenzangu wa mavazi ya kaki, aliyesema wako tayari kuvuta waya kutoka barabara kuu mpaka kwetu ikiwa kijiji kitatoa nguzo na nguvu kazi. Wa pili alikuwa mhandisi kijana wa kampuni binafsi ya simu za mkononi. Yeye hakutaka nguzo. Alitaka mahali pa kusimamisha mnara.

Kwa kuwa nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya kijiji, nilimtembeza kilima kizima. Alishika kifaa chake, akatazama, akasogea, akatazama tena. Akasimama mahali pamoja akatabasamu.

"Mwalimu, hapa ndipo. Mnara ukisimama hapa utaona Uru yote, na mji, mpaka mashamba ya mpunga kule Mabogini."

"Na tukikataa?"

"Tutauweka kilima kile cha ng'ambo ya korongo. Lakini mjue, mkiwa huku bondeni mtabaki kivulini. Mawimbi ya simu hayapindi kona, mzee wangu. Yakikuta kilima, yanaishia hapo."

Mahali alipokuwa amesimama palikuwa kile kipande cha juu, kati ya kihamba changu na kihamba cha baba yako mdogo, Aloisi.

Umekua ukiona kwamba mimi na Aloisi hatuingiliani, lakini chanzo hatukuwaeleza nyinyi watoto. Babu yako alinikatia kihamba, kipande cha shamba lake la migomba, nilipooa, kama ilivyo desturi yetu kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Aloisi, kitinda mimba, alirithi nyumba ya baba na migomba iliyoizunguka. Kwa juu, mahali vihamba viwili vinapokutana, babu yako alipanda safu ya mimea ya masale kuwa mpaka. Alipokufa, nilisema masale yale yamesogezwa na kwamba mpaka halisi uko hatua kumi ndani kwa Aloisi. Aloisi alisema yamesogezwa kweli, lakini kwa upande wake, na kwamba mimi ndiye niliyemlia hatua kumi. Kipande chenyewe hakizidi upana wa darasa. Hakijawahi kuotesha chochote ila majani ya ng'ombe. Kwa ajili yake tuliacha kunywa mbege pamoja, tukaacha kusalimiana, na watoto wetu wakasoma dawati moja bila kualikana Krismasi. Leo ninaandika kwamba sijui nani alikuwa na haki. Nadhani hata wakati ule sikujua.

Mhandisi alipoelezwa kwamba pana mgogoro, alisema jambo dogo sana. "Hakuna tatizo. Nitahitaji saini za nyote wawili tu."

Saini za nyote wawili. Maana yake ningeketi na Aloisi meza moja, mbele ya mgeni, na kuandika kwa mkono wangu kwamba mahali pale ni petu sote. Nilimwambia kijana yule kamati itamjibu.

Mkutano tuliufanyia katika darasa la saba. Niliugawa ubao kwa mstari ulionyooka, upande mmoja nikaandika NYAYA, upande wa pili MNARA. Nakumbuka karibu kila hoja. Waya unaonekana kwa macho, ukikatika mtu hufuata nguzo moja baada ya nyingine mpaka akafika palipokatika, na mnara hakuna anayejua umeugulia wapi. Waya ni mali ya umma. Mnara ni wa mfanyabiashara, na aliyekuja kutafuta faida huondoka akiikosa. Simu ya waya hukaa mezani nyumba nzima ikaitumia, ya mkononi hukaa mfukoni mwa mtu mmoja. Mnara unataka jenereta ikinguruma mchana kutwa. Waya hauhitaji kuchajiwa. Sauti ya waya haitegemei umesimama wapi.

Hakuna hata hoja moja iliyokuwa ya uongo. Nataka ulielewe hilo vizuri, kwa sababu ndilo lililonipoteza. Nilikuwa nimekwisha kuamua kabla ya kushika chaki, kwa sababu ambayo sikuiandika, kisha nikatafuta kweli kumi za kuifunika.

Mama Kiliani, yule bibi wa karibu na mfereji, alinyoosha mkono. "Mimi waya nauelewa. Huo mwingine sauti inapita wapi?"

"Hewani, mama," mhandisi akajibu.

"Na mvua ikinyesha, inalowa?"

Watu wakacheka, na mimi nikawaacha wacheke, kwa kuwa kicheko kilikuwa upande wangu. Hapo Aloisi akasimama nyuma kabisa.

"Mwalimu, ubao wako ni mzuri. Lakini umesahau kuandika jambo moja."

"Lipi?"

"Mahali mnara unapotaka kusimama."

"Keti, Aloisi."

"Niketi? Mimi si darasa la saba."

"Hapa tunalinganisha mitambo, hatugombanii majani ya ng'ombe. Keti."

Alinitazama, akatazama ubao, akatoka nje. Mikono ikanyooshwa. Nyaya zikashinda kwa wingi mkubwa, si kwa sababu ya hoja zangu, bali kwa sababu nusu ya mikono ile niliifundisha mimi kuandika.

Msaragambo uliitishwa, kila nyumba ikatoa mtu na mti. Tulikata mikaratusi, tukaimenya, tukaisimamisha. Yule fundi mzee alizishika nguzo zetu akatikisa kichwa. "Mwalimu, hizi hazina dawa. Kule chini kwenye mchwa hazitamaliza masika matatu." Nilimwambia tumezipaka oili chafu. Akasema, "Haya," kama mtu anayesema haya kwa mwenye chaki.

Sitaki kuwa mwongo kwa upande huo pia. Simu ilifika, na kwa muda ilikuwa jambo zuri. Unakumbuka mama yako alivyonawa mikono kabla ya kuipokea mara ya kwanza? Gaspari alikuwa anapiga kutoka bandarini Dar es Salaam, na mama yako alisimama wima, kitenge kimefungwa vizuri, kana kwamba mtoto anamwona. Alimweleza kila kitu, ng'ombe, parokia, nani kaoa. Alipoweka mkono wa simu chini alisema, "Amekonda. Nimesikia kwenye sauti."

Kisha waya wa shaba ukakatwa na wezi kule chini karibu na barabara. Ukarudishwa. Ukakatwa tena. Masika yaliyofuata nguzo nne zilianguka kwa pamoja, zimeliwa na mchwa mpaka ndani, na fundi hakuja tena. Nasikia alistaafu. Mama yako aliendelea kupangusa ile simu kila Jumamosi na kuifunika kitambaa cha kufuma.

Ng'ambo ya korongo mnara ulikuwa umesimama. Kule watu walizungumza wakiwa vitandani mwao. Huku kwetu ilikuwa kama alivyosema kijana yule: kivuli. Isipokuwa mahali pamoja. Kipande kile cha juu kimeinuka kiasi cha kuuona mnara juu ya mgongo wa kilima, na Aloisi alipagundua kabla ya mtu mwingine. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa anasimama kwenye masale na simu yake, akimpigia mwanawe aliyeko Tunduma. Wewe hukuwapo, ulikuwa chuoni. Mimi nilikuwa hapa. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi ya jiko nikimsikia, kwa sababu Aloisi huzungumza na simu kama anayemwita mtu wa ng'ambo. "Haloo! Haloo! Huku tumevuna maharage! Nimesema maharage!" Kutoka mlango wa jiko letu hadi pale aliposimama ni hatua themanini. Nilikuwa nimeyapima maeneo yale wakati wa mgogoro, hivyo nayajua.

Gaspari alituletea simu ya mkononi kupitia kwa kondakta wa basi. Nilimwandikia barua kumshukuru, nikamwambia huku kwetu mtandao haufiki. Simu nikaiweka kabatini.

Sasa nafika mahali ambapo mkono unakuwa mzito.

Mama yako alipougua, siku ya pili, asubuhi, bado aliweza kuzungumza vizuri. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umelegea lakini ulimi ulikuwa wake. Mganga wa zahanati alikuwa amekuja akaondoka, njia ilikuwa tope tupu na gari halikuweza kupanda. Aliniita.

"Baba Gaspari, nataka nimsikie Gaspari."

"Hapa hapana mtandao."

"Shemeji anampigia mwanawe pale juu. Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Pale si petu."

"Miaka yote umesema ni petu. Leo si petu?"

Nilimwambia nitashuka mjini, nitampigia Gaspari kutoka kwenye kibanda cha simu, na nitamletea maneno yake yote. Akageuza uso ukutani. "Sawa, Mwalimu." Unajua aliniita hivyo wakati gani tu.

Ningeweza kwenda hatua themanini. Ningeweza kumbeba, alikuwa mwepesi, au kumwomba Aloisi mwenyewe apige, au kunyoosha mkono tu juu ya masale. Badala yake nilivaa koti la mvua nikashuka mpaka Moshi mjini, na kutembea kwenyewe katika tope lile kulinifanya nijione mume mwema. Nilipanga foleni kibandani. Gaspari alipokea.

"Mama yako anaumwa. Anataka kukusikia."

"Mpe basi simu, nizungumze naye."

"Niko mjini."

"Mjini? Na simu niliyoleta?"

"Nyumbani hakuna mtandao."

"Nakuja," akasema, na akakata.

Niliporudi ilikuwa saa kumi alasiri. Macho ya mama yako yalikuwa wazi, lakini maneno yalikuwa yamekwisha. Nilimsimulia kwamba Gaspari anakuja, sijui kama alisikia. Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri, Gaspari akiwa ndani ya basi, nadhani karibu na Same. Wewe ulifika jioni.

Yaliyotokea siku ya tatu ya matanga uliyaona kwa macho yako, lakini hukuyaelewa, na ninahitaji uyaelewe kabla ya kesho jioni. Aloisi alikuja kutoa pole. Hakuja kwa ubaya. Alikaa karibu na Gaspari akasema, "Mwanangu, mbona hawakuja kupiga pale kwenye masale? Mimi nisingewazuia. Shemeji alikuwa mtu wangu." Gaspari aligeuka polepole akaniuliza mbele ya watu, "Baba, ulijua kwamba pale pana mtandao?"

"Sikujua," nikasema.

Wewe ulikuwa umeingia na sinia la vikombe. Uliliweka chini, ukamwambia kaka yako, "Baba hajawahi kumdanganya mtu." Gaspari alikutazama wewe, si mimi. Akachukua begi lake. Tangu siku ile hajaja, hata Krismasi, wakati ambapo kila mtu wa mlimani mwenye miguu hurudi kwao. Mara mbili nimekaa na ile nyama ya sikukuu na wewe tukiwa wawili tu, nikikusikia ukisema, "Mwakani atakuja." Hatakuja. Yeye anajua, na alilojua halimruhusu.

Unaona sasa kwa nini usiape? Gaspari hakukasirishwa na mnara wala waya. Alikasirishwa na lile neno moja, na wewe unataka kwenda kulirudia mlangoni kwake kwa kinywa chako kisicho na hatia. Ukilisema, atadhani moja kati ya mambo mawili: kwamba nimekufanya mjinga, au kwamba uko upande wangu kwa makusudi. Vyovyote, utampoteza. Mimi nimekwisha kumpoteza, na sina ruhusa ya kukupotezea kaka na wewe.

Nilisimama darasani miaka thelathini na mmoja nikiwapiga viboko watoto waliosema uongo. Nilidhani uongo ni kitu mtu anachosema. Mimi niliuandaa ule wangu kwa miaka mingi bila kusema chochote, kwa kukaa tu kwenye ngazi ya jiko nikisikiliza habari za maharage na kujifanya sisikii. Wakati Gaspari aliponiuliza, jibu lilikuwa tayari. Lilitoka bila hata kigugumizi.

Leo, ulipoondoka kwenda kwa shangazi, nilichukua ile simu ya kabatini, niliyoichaji jana dukani, nikatia moja ya laini zako. Nilitaka angalau niwe nimejaribu kabla hujakutana naye. Nilipanda. Magoti yalinifanya nisimame mara tatu. Aloisi alikuwa anakata majani ya ng'ombe.

"Ahaa, Mwalimu! Umekuja kukagua madaftari?"

Nilikuwa nahema. Aliweka mundu chini, akavua kofia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Umekuja kunifukuza?"

"Nimekuja kuomba nisimame hapa kidogo."

"Kusimama ni bure. Njoo hapa kwenye masale. Hapana, kushoto. Kushoto, Mwalimu, hujui kushoto? Sasa tulia hapo hapo, ukigeuka tu unaupoteza." Alichukua simu mkononi mwangu akabonyeza namba niliyomsomea kutoka kwenye karatasi. "Miwani yako imezeeka kuliko wewe." Akasogea mbali kidogo, akajifanya anafunga mzigo wa majani.

Iliita mara nne. Akapokea mwanamke.

"Haloo?"

"Haloo. Naomba kuzungumza na Gaspari."

"Nani mwenzangu?"

"Ni baba yake, wa Uru."

Nikasikia kijiko kikigonga sufuria, na karibu kabisa na simu mtoto mchanga akalia. Wewe uliwahi kulalamika juu ya mtandao wa huku; ninakuambia simu ilikuwa safi kama mtu yuko chumba cha pili. Mwanamke aliita kwa sauti ya chini, "Njoo. Kuna mzee anasema ni baba yako."

Sauti ya Gaspari ilitoka mbali kidogo, labda mlangoni. Haikuwa na hasira. Ningefurahi kama ingekuwa na hasira.

"Mwambie amekosea namba."

Yule mwanamke alirudi. Alikuwa analengwa na machozi, nadhani, au labda ana mafua. "Shikamoo, mzee. Samahani sana. Umekosea namba."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Samahani kwa usumbufu."

Aloisi aliuliza, "Imekatika?"

"Haikukatika."

Alinishika mkono tukashuka mpaka kwenye mlango wa jiko. Mimi na Aloisi hatukupatana pale. Ni wazee wawili tu, mmoja ana magoti mabaya. Ile miaka iko pale pale.

Basi fanya hivi. Ukifika kwa Gaspari, kula chakula chake, mpumzishe mkewe, lala, amka, panda gari lako. Jina langu likitajwa, nyamaza. Usinitetee, na usinilaumu kwa ajili ya kumfurahisha. Kama akikuuliza moja kwa moja, mwambie kwamba nilijua na kwamba nimekiri kwako kwa maandishi. Usimwombe anisamehe. Ombi hilo lilikuwa langu, nilipaswa kulitoa siku ya tatu ya matanga, mbele ya watu wale wale. Sasa namba imekwisha kukosewa.

Huko Mtwara chukua laini yoyote inayoshika kituoni kwako. Usichague kwa ajili yangu. Kupanda pale juu kutazidi kuwa kugumu mwaka hadi mwaka, na sitaki ukae Jumapili nzima na simu mkononi ukihesabu sababu za mimi kutopiga. Andika barua. Hizo nitazisoma.

Bado jambo la yule mtoto. Nadhani ulijua, ukanificha kwa huruma. Sijui ni wa kike au wa kiume. Lakini kama ni wa kiume, ni wa kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Hakuna mtu wa mlimani asiyejua hilo, na Gaspari anajua. Kesho jioni utambeba, na watakuambia anavyoitwa.

Usiniandikie jina lake.

Baba yako